Kurumbiza wa Mtoni

Watu wa mlima wa Zombo walikuwa na ndege waliyemjua kwa sikio tu. Walimwita kurumbiza. Ukimwuliza mtu rangi yake atasita kidogo, kisha atasema ni mwekundu kama udongo wa kichuguu. Mwingine atabisha kwamba ni wa kijivu kinachoelekea bluu. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, maana tumbo lake ni la chungwa lililoiva na mbawa zake ni za wingu la mvua. Lakini ni nani aliyepata kumwona mzima kwa mara moja? Kurumbiza hapendi mwanga. Makao yake ni chini kabisa ya kichaka kilichofungamana, huko ambako mbuzi akiingia hutoka kinyumenyume. Hutembea juu ya majani makavu akiyapindua moja baada ya jingine, kama mwanamke aliyeangusha sindano. Siafu wakipita huwafuata nyuma na kuwadaka wadudu wanaowakimbia. Kiota chake hukitia ndani ya kisiki kilichooza, akikijenga kwa majani yale yale yaliyotapakaa hapo, hata ukiweka mguu kando yake hutajua umempita mama juu ya mayai yake.

Wala hana wimbo wa kwake. Ni mwizi. Ataanza kama njiwa, ageuke mwewe, amalizie kwa mluzi wa mtu anayemwita mbwa. Mgeni husimama kichakani akitafuta ndege wengi, kumbe ni mmoja tu, na huyo mmoja yuko hatua chache kutoka kwenye kiatu chake.

Kule mlimani, kiangazi kizima kurumbiza hakusikika. Wengine walisema amehama, wengine walisema amefunga mdomo. Mvua za kweli zikikaribia, alianza kulia alfajiri katika kichaka cha korongoni, kichaka ambacho hakuna aliyekigusa kwa panga. Hapo ndipo watu walipopanda.

Ila hawakupanda kwa kuambiwa. Kazi ya kusikiliza ilikuwa ya nyumba moja, na msikilizaji hakutangaza kitu. Mbegu za kila nyumba zilikaa ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya meko, ndani ya moshi, mahali ambapo fukusi hawathubutu. Msikilizaji akiridhika, alikishusha kibuyu chake kulipokucha, akajitwika, akatoka kwenda shambani. Waliomwona walishusha vya kwao, wakamfuata. Kumwuliza "amelia?" ulikuwa utovu wa adabu mkubwa. Kibuyu kikitoka mlangoni, neno limekwisha. Na jambo jingine: siku hiyo kibuyu kilipandwa chote mpaka kikabaki kitupu. Kubakiza mbegu ni kumwambia Mungu kwamba humwamini. Zamani mchungaji wa misheni alihubiri sana dhidi ya ndege huyo, mwishowe akakubali kuziombea mbegu Jumapili iliyofuata. Naye alikuwa na shamba.

Costancia aliipokea kazi hiyo kwa baba yake, Nikolaus, mwaka wa Uhuru. Kaka zake walikuwa wamekwenda kukata mkonge Kimamba, na masikio yao, alisema mzee, yalikwisha kuharibiwa na mashine. Vijana walipoteremka Kilosa kutazama bendera mpya ikipandishwa, Nikolaus alikuwa kitandani, miguu imemvimba.

"Wanasema sasa tunajitawala," Costancia alimwambia.

"Vema. Magugu yamekwisha kuambiwa?" mzee akajibu. Kisha akaonyesha kwa kidevu kibuyu kilichokuwa juu ya meko. "Usikitoe kwa sababu watu wanakutazama. Watu watakutazama tu, hawana kazi nyingine."

Alikufa mvua hizo hizo, ambazo zilikuwa kubwa hata zikabomoa njia.

Costancia alikuwa mwanamke mrefu, si mzungumzaji, mwenye mwana mmoja, Rafaeli, na mume aliyeitwa Timotheo. Mbuga ya Mikumi ilipoanzishwa Timotheo alipata kazi ya kufyeka njia za magari. Costancia alikwenda kumtembelea mara moja. Aliwaona wageni wamesimama ndani ya gari, darubini machoni, wakitazama nyasi.

"Wanatafuta nini?"

"Simba."

"Na ndege?"

"Ndege wa nini? Watu hawa wametoka Ulaya kwa ajili ya wenye meno."

Mikumi ilikua, malori ya Zambia yakaanza kulala pale, na Timotheo naye akaanza kulala kwa mama mmoja mwenye hoteli ya chai. Hakurudi tena mlimani. Kwa hiyo Operesheni ya kuhamia vijijini ilipofika, Costancia hakuwa na mwanamume wa kumfungia mzigo. Rafaeli alikuwa jeshini. Aliyekuja kumhamisha alikuwa shemeji yake, Wenceslaus, mdogo wake Timotheo, ambaye alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa kijiji kabla kijiji chenyewe hakijawapo.

"Shemeji, panda lori. Maendeleo hayapandi mlima, ni sisi tunayafuata."

"Na mwaka gani yatachoka, ili turudi?"

Wenceslaus alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na si mkatili. Lakini mgambo walikuwa wamekwisha kupanda juu ya nyumba na kuvuta nyasi za paa, ili mtu asipate hamu ya kubaki. Vyombo vyote vya Costancia vilirushwa ndani ya lori pamoja na kuku wa watu wengine. Kibuyu alikipakata mwenyewe mpaka chini.

Kijiji kipya kiliitwa Tushikamane. Kilikuwa tambarare, upande wa Kisanga, jirani na mto uliofunikwa na kichaka kizito pande zote mbili. Nyumba zilipangwa kwa mstari ulionyooshwa kwa kamba, kila mlango ukitazama mlango mwingine, hivi kwamba mtu hakuweza kupiga chafya bila barabara nzima kumwambia afya. Zilijengwa haraka na hazikuwa na dari. Meko yaliwekwa nje, chini ya kibanda cha nyasi kilichopitisha upepo. Moshi wa Tushikamane ulikwenda zake angani. Vibuyu vya mbegu viliwekwa pembeni, sakafuni, kama wageni wasioonyeshwa pa kukaa.

Mbegu hizo ndizo zilizokuwa mali yote iliyoteremka kutoka mlimani. Mahindi madogo meupe, magumu, yanayovumilia baridi na ukungu. Mtama mwekundu wa mabibi. Hazikuuzwa popote. Zikipandwa vizuri, watu wangekula cha kwao na kupata mbegu tena. Zikipotea, hakuna aliyejua zingetoka wapi. Kila jioni wanawake walipita mbele ya mlango wa Costancia polepole kuliko ilivyohitajika. Hawakuuliza.

Naye alikuwa amekwisha kumsikia. Tangu alfajiri ya kwanza kurumbiza alikuwa akilia mtoni, kiangazi kikali, ardhi ikiwa imepasuka kama kisigino. Sauti ilikuwa yake hasa. Costancia alisikiliza akiwa amelala, na moyo wake haukutulia. Kama amelia, mbona hakuna hata wingu? Na kama si yeye, ni nani?

Mtu aliyemfumbulia jambo hilo alikuwa Namayiana, mama wa watu wa ng'ombe waliokaa ng'ambo ya mto, ambaye alileta maziwa kijijini asubuhi.

"Yule?" Namayiana alisema, akautua mtungi wake. "Huyo hanyamazi, mama. Maji ya hapa hayakauki, kwa nini anyamaze? Masika analia, kiangazi analia. Ameiba hata mluzi wa mwanangu Lekishon. Ndama wakiusikia wanageuka, wanamfuata ndege." Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Wa kwenu je, anafanya kazi gani?"

"Wa kwetu hunyamaza mpaka mvua."

"Basi wa kwenu alilelewa."

Costancia naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu lori. Akajua basi kwamba ndege wa mtoni hafai kupandiwa, na kwamba mwaka huo sikio lake halina kazi. Lakini hakumwambia mtu. Angemwambiaje? Desturi yenyewe ilikuwa haisemwi, na kusema kwamba imekwisha kungekuwa kuisema mara mbili.

Kulikuwa na bwana shamba aliyeitwa Paulo, kijana mpole kutoka Morogoro mwenye redio ndogo ya mkononi. Alimjia Costancia nyumbani kwake, akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeambiwa watu wanakutazama wewe. Nakuomba, mama, tusipande kwa manyunyu haya. Chimba uone. Ukikuta unyevu umeishia juu juu, hiyo mvua ni ya kudanganya. Mvua zenyewe zitachelewa."

"Hata mimi sijatoa kitu."

"Basi tunakubaliana?"

"Tunakubaliana," alisema Costancia. Alimpenda yule kijana. Alimpa karanga za njiani.

Ila siku ile ile palikuwa na mkutano, na Wenceslaus hakuweza kumaliza mkutano bila mzaha. "Ndugu wananchi," alisema, "Chama kina redio, na shemeji yangu ana ndege. Shemeji, huyo ndege wako ana kadi ya Chama?"

Watu walicheka. Mtu hucheka anapokuwa mbele ya mwenyekiti.

"Hana," Costancia alijibu kutoka upande wa wanawake. "Wala hahutubii. Kazi hiyo alikuachia wewe."

Hapo kicheko kilikuwa cha kweli, kikaenda mpaka nyuma, kikarudi. Wenceslaus alicheka pia, lakini masikio yake yalibadilika rangi.

Baada ya siku chache manyunyu yalipita jioni. Asubuhi Costancia alisikia kitu kikila ndani ya kibuyu chake. Alikifungua, akamimina kidogo kiganjani: unga, na fukusi weusi wakitembea juu ya mahindi kama wenye nyumba. Hakuna moshi, hakuna majivu yaliyotosha. Dawa ilikuwa moja, kuzianika mbegu juani mchana kutwa mpaka wadudu watoke wenyewe. Nyumbani pangekuwa na kuku wa mstari mzima. Lakini karibu na mashamba palikuwa na jiwe bapa, safi, lisilofikiwa na kuku. Alikunja mkeka akautia kwapani. Akajitwika kibuyu. Mtu abebe kibuyu kwa namna gani nyingine?

Alikuwa amekwisha kupita milango kadhaa alipousikia ukimya. Kisha mlango ukalia nyuma yake. Kisha mwingine. Akageuza macho bila kugeuza kichwa, akamwona Ida, jirani yake tangu mlimani, ametoka na kibuyu kichwani na jembe begani, uso umeng'aa kama wa bibi arusi. Nyuma ya Ida walikuja wengine. Hakuna aliyeuliza. Huko mtoni kurumbiza alikuwa akiimba kwa nguvu zote, njiwa, mwewe, mluzi, na kila mmoja alimsikia.

Neno moja lingetosha. "Naanika." Alikuwa nalo mdomoni. Lakini njia ilipita mbele ya baraza la mwenyekiti, na Wenceslaus alikuwa pale na Paulo, wakinywa chai.

"Haya!" Wenceslaus aliita. "Ndege amepiga kengele! Bwana shamba, zima redio yako. Shemeji, unakwenda kupanda, au unakitembeza kibuyu kione kijiji?"

Paulo alisimama, kikombe mkononi, amefadhaika. "Mama," alisema, na alisema kwa nia njema kabisa, "si tulikubaliana?"

Nyuma yake Costancia alisikia miguu ikisimama. "Mlikubaliana?" Ida alinong'ona. "Mlikubaliana nini na Serikali, Mama Rafaeli?"

Hapo ndipo aliposimama na kibuyu chake, mbele yake shemeji anayengoja kucheka, nyuma yake watu waliovuliwa mapaa, ambao hawakuwa wamebakiwa na kitu cha kuamini isipokuwa mgongo wake. Akisema anaanika, atakuwa amekubaliana na baraza. Watasema alinunuliwa. Wenceslaus atalisimulia mpaka Kilosa.

"Nakwenda kupanda," alisema.

Akapita.

Walipanda siku ile kama watu waliorudi nyumbani. Wanawake waliimba nyimbo za lugha ya kwao, ambazo hawakuziimba tangu walipoteremka. Wanaume waliokuwa wakikwepa shamba la ujamaa kwa visingizio vya mgongo walichimba bila kuinuka. Jioni vibuyu vyote vilikuwa vitupu, vikagongwa chini kwa furaha. Costancia alipanda mbegu zake pamoja na fukusi wake, na kila shimo alilolifunika aliliombea mvua, si kwa Mungu wa misheni tu.

Mahindi yaliota. Hilo lilikuwa baya kuliko kama yasingeota. Yaliinuka kidole kimoja, kijani kibichi, watu wakamtazama Paulo kwa huruma. Kisha jua likatulia juu ya Tushikamane kama mtu aliyeketi juu ya kifuniko. Majani yakajikunja, yakawa manjano, yakawa majivu. Wengine walibeba maji mtoni kwa ndoo, wakamwagilia shimo kwa shimo, mpaka migongo ikakataa. Mtama ulifuata mahindi. Hakuna nyumba iliyobakiza hata punje, kwa maana hakuna aliyetaka kumtukana Mungu.

Mvua zilikuja baadaye, wakati ule ule aliousema Paulo. Mahindi ya shamba la ujamaa, mbegu ya Serikali kutoka kwenye magunia, yalistawi vizuri. Kijana hakumsimanga mtu. Aliugawa unga wa msaada, ule wa njano, kwa mikono yake mwenyewe, na Costancia alipofika mbele ya foleni alimwambia "Shikamoo, mama" kwa sauti ile ile ya zamani. Costancia aliona afadhali angemtemea mate.

Costancia alingoja kulaumiwa, hakulaumiwa. Alingoja mlangoni, alingoja kisimani. Watu walikuja na kumshika mkono.

"Pole, Mama Rafaeli," Ida alisema. "Ulidanganywa."

"Tulimsikia wote," mwingine akaongeza. "Mimi nilimsikia kwa masikio yangu. Yule si kurumbiza wa kwetu. Wa kwetu hakupata kutuongopea."

"Ni wa hawa watu wa ng'ombe. Amezoea maziwa, njaa ataijulia wapi?"

Costancia alisikiliza. Ilikuwa rahisi kuliko alivyofikiri. "Ndiyo," alisema, "alinidanganya." Na baada ya kulisema mara ya kwanza, hakuhitaji kulisema tena, walilisema wao, kila mmoja kwa namna yake, wakilitia chumvi, mpaka ikawa ndege alilia siku ile kwa sauti ya Nikolaus marehemu.

Ulipoitishwa mkutano wa kupanua shamba la ujamaa hadi ukingoni mwa mto, Wenceslaus alikuja amejiandaa kwa ugomvi. Aliwajua watu wake. Watu wa mlimani hawakati kichaka chenye kurumbiza. Hata yeye, pamoja na kadi yake, asingetaka kuwa wa kwanza. Paulo alisema kwamba ukingo ukiachwa wazi mto utaula. Wenceslaus akapangusa uso, akauliza nani ana la kusema.

Ida alisimama. "Kikatwe!"

"Nini?"

"Kikatwe chote, mwenyekiti. Kituue mara ya pili?"

"Kikatwe!" wakaitikia wengine, wanawake kabla ya wanaume. Wenceslaus alitazama huku na huku kama mtu aliyesukuma mlango usiofungwa. Kisha, na safari hii hakuwa na mzaha usoni, akamgeukia Costancia.

"Shemeji. Wewe unasemaje?"

Watu walimgeukia. Ni wazi kwamba angesema "hapana" wangemsikiliza, na angesema kwa nini wangemsikiliza zaidi.

"Watu wamekwisha kusema," Costancia alijibu. "Mimi ni nani?"

Walikwenda na mapanga na mashoka, na Costancia alikwenda nao, maana asiyekwenda angetazamwa. Kichaka kile kilikuwa kizee. Mizabibu ya mwitu ilikishona hata miti iliyokatwa ikakataa kuanguka, ikasimama imeegemeana. Chini palikuwa na ubaridi na harufu ya uyoga. Mtu mmoja alipiga teke kisiki kikapasuka, na ndani yake pakawa na mayai ya rangi ya zeituni chafu. Aliyaonyesha kwa wenzake, kisha hakujua ayafanyie nini, akayaweka chini.

Kadiri mwanga ulivyoingia ndivyo ndege alivyorudi nyuma, kutoka tawi hadi tawi, mpaka matawi yakamwishia. Akatoka. Alisimama juu ya ardhi tupu, mbele ya watu wote, akiufungua na kuufunga mkia wake. Watu waliacha kukata.

"Ndiye huyu?" Ida aliuliza. "Mdogo hivi?"

Ndege alijaribu majani yaliyomwagika, akapindua moja, akaliacha. Kisha akapiga mluzi. Ng'ambo ya maji ndama waliinua vichwa, wakageuka wote pamoja.

Namayiana alikuwa nyuma yao, fimbo mkononi. Alivuka maji polepole, akawapita wanaume bila kuwasalimu, akaja mpaka aliposimama Costancia na shoka lake kwenye shina la mti wa mwisho wa ukingo.

"Wanasema ndege huyu aliwadanganya," alisema. Hakupaza sauti. "Nimewaambia haiwezekani, yule mama alikuwa anajua, mimi mwenyewe nilimwambia. Wananiambia nimelewa. Mama Rafaeli, huyu alikudanganya lini?"

Ida alikuwa karibu, amejishika kiuno, akipumua. Alikuwa akisikiliza. Costancia aliuona uso wake, uso ule ule uliotoka mlangoni asubuhi ile, umekonda sasa kwa unga wa njano. Akainua shoka, akapiga, na mti ukalia ndani.

"Sogea, mama," alimwambia Namayiana. "Utakuangukia."